Ng'ombe wa Mama Apumzike

Baba Pacha,

Sisi wazima, na pacha wameshaanza kutembea, nyumba nzima haina utulivu. Yule ndama mwekundu tunamwachisha kunyonya. Tunampunguzia maziwa kidogo kidogo na kumzidishia pumba, naye anatutazama kama tumemwibia. Mama yake analia zizini kutwa.

Juzi nikimlisha huyo ndama, tumbo lilinikata chini ya kitovu hata nikakaa juu ya ndoo. Mama yako akaniona. Tangu hapo hataki nibebe hata maji, na ndama ameshamtoa zawadi: "Huyu ni wa mgeni wetu." Najua atakupigia simu kukupa hongera.

Usishangilie, mume wangu. Si mimba. Ni kitanzi cha kuzuia mimba, niliwekewa zahanati. Nesi alisema maumivu ya mwanzo ni kawaida, yakizidi nirudi. Sikukuuliza kwa sababu jibu lako nilikuwa nalijua, na mimi tangu niwazae hawa wawili nikiinama bado naona kizunguzungu.

Leo asubuhi jirani kaleta fahali wake ampande ng'ombe wetu. Mama kamtimua kwa fimbo, fahali na mwenyewe: "Mwacheni ng'ombe wangu! Ndama ndiyo kwanza anaacha ziwa, mifupa yote nje! Arudishe mwili kwanza!" Nilicheka mpaka tumbo likaniuma upya.

Basi akikupigia, anza kwa kumuuliza habari za ng'ombe. Mwache aseme yote. Akimaliza, mwambie na mkeo ni hivyo hivyo.

Wako,
Mama Pacha