Bastola Haikuwa Mbovu, Kaka

Kaka Satpal,

Ram Ram kaka, na miguu yako naigusa kutoka hapa jikoni, ingawa mikono imejaa unga. U mzima? Wewe na lile lori, nani anachoka kabla ya mwenzake? Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, macho ndiyo hayo, akimtazama mtu anaona moshi tu, ila kunitukana haimpi shida hata kidogo. Nyati wetu wa maziwa kazaa dume, hasara tupu. Mke bado sijapata. Mabachela tumejaa kijijini, tukikaa barazani jioni utadhani kambi ya jeshi.

Barua anakuletea Jagbir wa jirani, anayekuja kuanza kazi huko. Nimeandika kwa sababu huko kwenye mchanga wa jangwa simu haishiki, na hata ikishika, hapa lazima iwekwe sauti ya juu ili mama akusikie. Na haya si ya mama kusikia. Mwandiko usiuangalie. Unajua mimi na shule tuliagana mapema, na wala yenyewe haikulia.

Nianze na bastola, maana najua bado imekukaa kooni. Uliponiambia nimtafutie mwanao Anshu bastola ya upepo ya kujifunzia kulenga shabaha, ya bei ya mtu maskini, nilikwenda mjini Rohtak nikijiona mjanja. Mwenye duka, Lala mmoja ana tumbo la kutosha watu wawili, akanitolea dude jeusi kama la polisi wa sinema. Akasema hilo lina nguvu, linatoboa bati. Roho yangu ikalipenda palepale. Bahati nzuri nilikwenda na Anshu pamoja na mwalimu wake wa shabaha, Devinder. Mwalimu akaniuliza, "Omvir, unataka kuiua karatasi au kuitoboa tu?" Watu wote dukani wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Akanieleza kwamba lile ni la springi, ukifyatua linaruka kama mbuzi, mtoto anayeanza ataruka nalo. Lingine lilikuwa la vichupa vya gesi. Akasema hilo bei yake ni tamu siku ya kwanza tu, baadaye kila wiki unanunua vichupa. Za mabingwa hata tusiziguse, hizo hujazwa hewa, na hewa yenyewe ni ya bei ghali. Mwisho akaona kuukuu moja kwenye kabati la chini, ya kupampu mara moja kwa mkono. Hairuki, haili gesi, triga laini. Akamwambia Anshu anyooshe mkono amefumba macho, kisha afumbue. Alipofumbua, bastola ilikuwa inatazama palepale anapotazama yeye. Mwalimu akasema mpini umeukubali mkono, basi, tusitafute tena. Nikambana Lala mpaka akaapa kwamba watoto wake watalala njaa. Nikamwambia kwa tumbo lile watakula akiba ya baba yao.

Ikawa raha, kaka. Anshu alining'iniza bati la mafuta ya haradali kwenye banda la nyati, karatasi mbele yake. Kila jioni tunasikia, ti! Mama amelala kitandani uani, akisikia ti anasema, "Huyo mjukuu wangu." Asiposikia anasema, "Huyo wa baba yake."

Mchujo wa bweni la michezo ulikuwa wiki moja baada ya sikukuu ya Dussehra. Akipita, serikali inamsomesha, inamlisha, na bastola nzuri inampa. Akikosa, umri unakuwa umempita, mwakani hawamchukui. Hilo tulilijua wote, na mama alilijua.

Siku ya Dussehra tukatandaza zana uani zibarikiwe kama kawaida, mundu, jembe, baiskeli yangu, na bastola ya Anshu katikati kama bibi harusi. Mama akapaka rangi nyekundu, akafunga uzi, akapaka mafuta. Asubuhi yake Anshu akapampu, akafyatua, na risasi ikatoka kama mtu anatema mbegu ya tikiti. Ilianguka miguuni kwake. Mtutu umejaa mafuta ya haradali, mpira wa ndani umevimba kama andazi. Anshu akamwambia mwalimu kwamba ni yeye aliyemimina mafuta, ati alidhani inahitaji kulainishwa. Mwalimu akamwita mpumbavu mbele ya wenzake. Mimi nikakupigia simu nikasema bastola imekufa, nawe ukanitukana kwamba nimenunua uchafu, nimekula chenji, nimemwangusha mwanao. Tangu siku ile sijajitetea. Sasa utajua kwa nini.

Niliipeleka kwa Iqbal fundi baiskeli. Akaifungua, akaosha, akakata ngozi ya pampu ya baiskeli akaiweka badala ya ule mpira. Siku mbili hakulala vizuri, mimi ndiyo kabisa, nilichuuza blanketi mchana huku nasinzia juu ya baiskeli. Anshu akaenda nayo kwenye mchujo. Majina yakasomwa, yakasomwa, mimi nikaanza kuokota viatu vyangu tuondoke. Jina lake likaja la mwisho. Amepita, kaka! Mwanao amepita.

Sasa lile la kukuambia. Siku ile kwa Iqbal nilikumbuka bunduki ya baba, kabla polisi hawajaichukua alipofariki. Kila Dussehra wewe na mimi tulikuwa tunataka kuipaka mafuta, na kulikuwa na mtu anatuchapa vidole akisema mafuta ni ya juu, ndani ya mtutu kamwe. Mtu huyo ni nani, kaka? Si baba.

Nilimuuliza mama. Alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakukataa. Alisema tangu shemeji, mama yake Anshu, atutoke, yule mtoto hulala ubavuni kwake, ndiye anayemchana nywele na kumwambia kama kumekucha. Akasema, "Nilidhani akikosa atabaki. Ningekufa yeye yupo." Kisha akaendelea kumenya. Nilipomwambia Anshu, alikuwa anajua tangu mwanzo. Mafuta yale ni yale yale anayompaka bibi yake kichwani, aliyatambua kwa harufu. Akaniambia, "Baba mdogo, ukimsema bibi, mimi na wewe basi."

Siku alipoondoka mama aligawa sukari guru nyumba kwa nyumba, mkono ukipapasa kuta. Hakulia. Bastola Anshu ameiacha, bweni wana zao.

Nimechoka, kaka. Nyati ni mimi, mikate ni mimi, miguu ya mama kuikanda ni mimi, blanketi ni mimi. Na jioni, kabla sijalala, naingia bandani na ile bastola. Jana nilifyatua, mama akauliza kutoka kitandani, "Wewe Omvir, hilo ni bati au ukuta?" Nikasema ukuta. Akasema, "Mkono wako kama wa baba yako. Piga tena."

Nikapiga mpaka likalia.

Ukipata simu usimuulize habari ya mafuta. Muulize tu bati limelia mara ngapi leo, atakwambia. Nawe kula vizuri, lori lisikuzeeshe. Mama anakubariki, hajui kwamba naandika. Nyati anakusalimu, dume lake pia.

Mdogo wako asiyekula chenji,
Omvir