Elesi Asije na Bibi Marta

Tunduma, Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na baba naye shikamoo. Sijui kifua chake kimeachia au bado anakohoa akiamka. Kahawa mmeshachuma? Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota jino la kwanza na ananing'ata nalo bila huruma.

Elesi mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Leo soma yote kwa sauti, hata ukifika penye jina lako. Usiruke mstari.

Mama, unamkumbuka Bibi Marta, muuza nguo niliyekuandikia habari zake? Nilipojifungua, mume wangu yuko kambi ya barabara, bibi huyo ndiye aliyenipikia uji na kumwogesha mtoto. Wewe ulikuwa mbali, nami nikamwona kama wewe. Ndiyo maana mtoto tukamwita Marta. Tangu hapo anaingia kwangu bila hodi, mtoto humwita somo wake, mimi huniita mwanangu. Mtu kama huyo ungemkatalia nini?

Mwezi uliopita alimletea somo wake mbeleko mpya yenye pindo nene, akaniomba nivuke mpaka nimpelekee dada yake unga wa ulezi. Nikaenda kwa furaha. Askari alichovya mkono kwenye unga, akamchekea mtoto, akaniambia nipite. Kwa huyo dada nikamkuta mwanamume na wembe. Hata salamu hakunipa. Alinifungua mbeleko, akachana pindo, akatoa vimirija vya manyoya ya kuku vilivyojaa vumbi la njano. Dhahabu, mama, ya wizi, kutoka machimbo ya Lupa. Mwanangu alikuwa amezungushiwa, naye amelala.

Niliporudi nilimwambia Bibi Marta sivuki tena. Hakukasirika. Alicheka, akampakata mtoto.

"Raheli, umeshavuka, wewe ni wetu," akasema. "Lakini kama unaogopa, kaa. Nitamfuata mdogo wako aje ambebe somo wangu. Wasichana wa umri ule hawaulizi, ukiwapa khanga wanakwenda."

Mama, hatanii. Kuna binti wa kijiji cha Chapwa alimchukua hivyo hivyo, kwa khanga na maneno matamu. Sasa binti yuko jela upande wa pili wa mpaka, na Bibi Marta anauza nguo kama kawaida.

Jana nikasikia ametafuta nafasi kwenye lori la Alhamisi la kwenda Mlowo, njia ya kuja kwenu. Tangu hapo sikai. Nikipika natoka kuchungulia barabara, ugali unaungua. Barua hii nampa mwinjilisti wetu, anakuja huko leo kwa baiskeli, na roho yangu inakanyaga pamoja naye. Mume wangu nimemweleza yote. Aliniuliza kwa nini nilinyamaza mwezi mzima. Kesho tunakwenda kwa chifu kusema, hata kama nami nitaulizwa. Mtoto na mimi tumehamia kwa mke wa mwinjilisti.

Bibi Marta akifika atawaletea chumvi na atasema katumwa na mimi. Atajua kikohozi cha baba, atajua hata jina la ng'ombe wenu, maana niliyemsimulia ni mimi. Mpeni kiti, mpeni maji. Elesi msimpe.

Na wewe Elesi, ningeweza kumwomba mwinjilisti amwambie baba pembeni, wewe ubaki hujui. Ungekasirika, ungesema dada anaitaka Tunduma peke yake, na huyo bibi angekukuta umeshanuna. Khanga zake ni nzuri kweli. Nami nilizipenda. Ndiyo nataka uyasome haya kwa mdomo wako mwenyewe.

Mwambieni shangazi dawa yake ya tumbo imemfaa mtoto. Bibi mzaa baba mshikeni miguu kwa niaba yangu, na kaka mkubwa mwambieni asiende shambani Alhamisi wala Ijumaa, akae nyumbani.

Mdogo wangu, siku nitakapokuhitaji sitamtuma mtu. Nitakuja mwenyewe hadi Igamba, mtoto mgongoni, nikuombe kwa mama nawe ukisikia. Mwingine yeyote akisema katumwa na mimi, mjibu kwa adabu kwamba dada yako ana miguu.

Ni mimi binti yako ninayewawaza,
Raheli