Kiti cha Chui na Mbwa Wako

Mtani wangu Ndahani,

Wiki mbili zilizopita nimepigana na fisi watatu, saa nane mchana, kwa ile nyundo yetu ya mti, na wote nimewashinda. Watu wa Karatu sasa wananipisha njiani.

Haya, uongo. Usinikunjie uso. Hapakuwa na fisi. Alikuwa mbwa mmoja tu, na alikuwa mbwa wako.

Sasa nyamaza unisikilize, maana ukiwa hai hukuwahi. Na mwandiko usiucheke. Sote wawili tuliishia darasa la nne, tofauti ni kwamba mimi walimu walisikitika.

Tangu tukufukie (na niligoma kutoka kaburini mwako mpaka nduguzo wakanipa jogoo, mtani ana haki zake), mama mwenye nyumba, yule mjane wa shamba la kahawa anayelaza watalii, ameniachia vile viti sita vya ngozi vya kizamani nivimalize peke yangu. Vitano si kitu. Kazi ni kile chenye picha ya chui, ulichokiacha nusu: ngozi ya mgongo imekakamaa, rangi inabanduka, ila uso wa chui ulikuwa umeshaupaka upya. Yale macho ya manjano. Wiki ileile ulipoyamaliza, nyati akatoka msitu wa kreta akakukuta kwenye mibuni. Akakurusha, akakuokota kwa pembe, akakurusha tena. Mbavu zako nilizisikia. Watu nimewaambia nilikimbia kuita msaada. Nilikuwa juu ya mti, mtani, nimejikojolea. Aliyeingia vitani ni Askari, mbwa wako, akaning'inia kwenye pua ya nyati mpaka akamwondoa juu yako. Ndiyo maana tulizika mtu mwenye uso.

Basi mama akasema kiti cha chui kikishindikana, vyote sita vitakuwa kuni za kuchemshia wageni maji.

Wewe ulikuwa ukisema, "Ngozi yenye rangi haili. Ipanguse kwa pamba kavu, usiilishe mafuta." Ute wa yai, ubawa wa kuku, subira. Mimi subira niliiacha Singida. Nikaenda mnadani, nikanunua kwa mama mmoja wa Kimaasai mafuta ya mkia wa kondoo, yale wanayolainishia ngozi zao, nikakipaka kiti mgongo mzima, nikakitoa juani kinywe vizuri. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi rangi ilikuwa imevimba na kuanza kuteleza, na Askari yuko juu ya kiti, amezamisha meno kwenye uso wa chui, anatikisa kichwa kama anaua. Ngozi inachanika. Nikamvuta mkia, akageuka akanitoboa kiganja mpaka nikaona cheupe ndani, kisha akarudi kung'ang'ania palepale. Nikampiga nyundo ya mbavu. Hakuachia. Nikampiga ya bega, nikasikia mfupa. Hakuachia. Nilipiga huku namtukana yeye, nakutukana wewe kwa kufa, namtukana nyati, damu yangu na yake na mafuta ya kondoo vimenijaa usoni. Ya mwisho ilikuwa ya kichwa. Ndipo akaachia.

Nimemuua, Ndahani. Hilo ndilo nililokuwa nazungukazunguka.

Nilijiambia alifuata mafuta. Lakini mafuta yalikuwa mgongo mzima, na yeye alichagua pale tu ulipoweka mkono wako siku za mwisho. Sijui, mtani. Sitaki kujua.

Na jingine, maana nimeshaanza. Nikiwa nimekaa chini, kichwa chake mapajani, yule fundi aliye ndani yangu akaninong'oneza kwamba ngozi ya tumbo la mbwa ni laini, ingeziba lile tundu vizuri. Nilimtukana huyo fundi kuliko nilivyowahi kukutukana wewe. Askari nimemzika na ngozi yake yote, nyuma ya karakana, nikichimba kwa mkono mmoja.

Tundu nimeliziba kwa ngozi ya mbuzi. Rangi iliyobaki nimeishikiza kwa ute wa yai, kama ulivyotaka, siku tisa mgongo umenipinda. Jicho moja la manjano nililikuta mavumbini, nimelirudisha mahali pake. La pili sikuliona. Nadhani Askari amekwenda nalo tumboni. Uso uliobaki nimeuchora mwenyewe. Umetoka na masikio yaliyolala na pua ndefu. Nimeufuta mara mbili, mara zote unarudi uleule. Mama akautazama sana, akauliza, "Babu, huyu chui anabweka?" Nikamwambia asimkalie vibaya, anang'ata. Akacheka. Viti vimebaki.

Nakuahidi: mafuta hayatakigusa tena kile kiti. Kila Jumamosi pamba kavu, mpaka mkono huu ukatae.

Pumzika sasa, we Mgogo. Ila kumbuka mwaka ule ulipotegua mguu kule Baray, nikakubeba mgongoni mpaka barabarani, na njia nzima ukanilalamikia kwamba natembea kama punda mlevi. Ulisema fadhila ile utanirudishia. Basi nirudishie kidogo tu: siku utakaponiona nakuja huko, kabla hujanisalimia, mfunge mbwa.

Mtani wako wa Singida