Siku Kaka Magloire Alikataa Kikombe

Nyabiondo, tarehe 14 mwezi wa tisa, 2024

Dada yangu mupenzi Myriam,

Uko muzima huko Lubumbashi? Shemeji na watoto wanaamuka namna gani? Nasikia vumbi ya kule inapaka watu rangi ya matofali. Usibadilike sana, nisije kukupita mu barabara bila kukujua. Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Mvua imeanza, maharagwe imeota, na mimi mudogo wako nimeongeza uzuri. Wasichana wa Nyabiondo ni mashahidi, mimi sipendi kujisifu.

Najua umeshituka kuona barua. Si wewe ulisema Straton aliacha masomo mbele wino ya kalamu ikauke? Ona sasa. Makosa yenye utakuta humu ni ya kalamu, si yangu. Telefone yangu ilianguka mu mto, na hii habari ni ndefu sana kwa telefone ya kuazima.

Habari njo hii: depo ya maziwa yenye baba Manassé aliwaachia wewe na kaka Magloire ilitaka kufa. Usilie kwanza. Soma.

Mpox ilifika huku. Vipele mu mikono, mu uso, homa, watu wanaogopa hata kusalimiana. Wauguzi wa santre ya afya walipita wakasema: musishikane, musikunywe mu chombo moja. Sasa wewe unajua depo yetu, ao Lubumbashi imekusahaulisha? Mwenye maziwa anakunywa wa kwanza, kusudi tuone hakuna sumu. Anapatia muonjaji wetu. Muonjaji anakunywa, anajaza kikombe maziwa ya mwingine, na huyo naye anakunywa. Asubuhi yote kikombe moja, midomo ya kilima muzima. Na ni kikombe gani? Ile ya muti yenye Muzee Kagabo alipatia baba siku depo ilifunguliwa, mbele ya wachungaji wake na wakulima wetu.

Kaka Magloire alisikia wauguzi, akatundika ile kikombe ku musumari. Akasema kila mutu akuje na kikombe yake. Nilimuambia: "Patron, hapo umejifungia mulango mwenyewe." Akanijibu: "Straton, maziwa nitapata ingine. Watu, nitawatoa wapi?" Maneno mazuri, lakini pikipiki yangu yenye kuteremusha maziwa Goma haitembee na maneno mazuri.

Nilisema kweli. Muzee Kagabo alikuja na bido zake za maziwa, akatafuta kikombe, akaona iko juu ku ukuta. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Kinywa yangu imekuwa muchafu tangu lini?" Akageuza ng'ombe... hapana, akageuza punda wake, akavuka barabara, akaenda kwa Patient, ule mwenye depo ya ngambo. Wachungaji wote wakamufuata. Unajua huku kwetu, dada: Muhunde mukulima na mufugaji wakiacha kukunywa pamoja, maneno ingine inaanza pole pole. Kaka hakula siku ile. Hakuwaza depo tu.

Patient alifurahi mbaya sana. Kikombe yake iliendelea kuzunguka. Akatangaza eti Magloire anaficha sumu. Mimi nikamurudishia matusi mbili tatu za kusoma, za Kifaransa.

Kisha mimi, jicho ya mwewe, nikaona kitu. Darius, muonjaji wa Patient, anavaa simizi ya mikono murefu mu jua kali, na anakunja vidole. Nikachungulia: vipele! Na Patient anajua, njo alimuvalisha. Nilirudia mbio nikicheka. Nikamuambia kaka: "Nipe ruhusa nipande juu ya meza ku soko. Jioni wachungaji wote watakuwa kwetu."

Kaka aliniangalia sawa vile mama alikuwa ananiangalia nikiiba sukari. "Ukimutangaza, Darius atakimbilia mu pori ya Walikale na ugonjwa yake. Na kila mwenye kipele atashona mikono murefu. Ni hiyo njo unataka?" Meza nikaiacha ku soko. Ilinichukua nguvu, unanijua.

Akavuka barabara yeye mwenyewe. Akamuambia Patient: peleka kijana kwa wauguzi, umulipe sawa vile bado anafanya kazi, funga depo mupaka watu wako wapimwe. Maziwa yako ya wachungaji Straton atateremusha Goma mu bido zako, na jina yako juu yake. Patient akakubali. Dada, mimi! Nilipita Sake na maziwa ya adui, wateja wa Goma wananiambia nimusalimie Patient! Na Darius alikuwa hawezi kutembea muzuri, kaka alimushika mukono mupaka ku santre. Ndiyo maana kaka pia akaambiwa ajitenge, asiguse maziwa. Nikakuwa patron. Depo haijawahi kuongozwa namna ile, uliza kila mutu, usiulize kaka.

Lakini Muzee Kagabo alikuwa bado amekasirika. Basi kaka akaenda kwake. Alikataa pikipiki yangu, asiniambukize. Akapanda kilima na miguu, mimi mbele ku pikipiki, polepole kama napeleka bibi-arusi. Akasimama mbali, ku lupango, ile uzio ya ng'ombe. Muzee akatoka na kikombe imejaa maziwa, akainyosha. Kaka akikunywa, amevunja sheria yake. Akikataa, ametukana muzee kwake.

Kaka akarudi nyuma kidogo. "Muzee, sikuogopa kinywa yako. Naogopa yangu. Nimeshika mugonjwa, na wajukuu wako wanakunywa mu kikombe hii."

Muzee akashusha kikombe. Kisha akaita maji na sabuni, akamuonyesha kwa kidole: nawa. Kaka akanawa. Muzee akasogea, akainua kikombe juu, akamimina maziwa mu mikono ya kaka, bila kugusa. Kaka akainama akakunywa. Nusu iliingia mu simizi yake ya ibada! Muzee alicheka mupaka akashika lupango.

Kesho yake bido za Kagabo zilikuwa kwetu. Sasa njo vile tunafanya wote, hata Patient: unanawa, unamiminiwa, unakunywa mu mikono yako. Kaka walimupima, ngozi iko safi. Darius anapona. Patient hajasema asante, lakini hatukani tena, na kwake hiyo ni asante.

Shangazi Astrid wa Ntoto anakusalimia, anauliza kama bado unajua kutwanga. Mama Céline wa kanisa anakuombea kila Siku ya Mungu. Mubusu watoto, na umuambie shemeji akutunze, la sivyo nakuja na pikipiki. Mungu afunike nyumba yenu.

Na ukirudi, usiombe glasi. Nawa mikono, uishikanishe muzuri, uiname. Nitakumiminia mimi mwenyewe.

Mudogo wako mwenye kukupenda hata ukimucheka,

Straton