Kengele ya Asante

Jago, usicheke. Lile gari kuukuu la zimamoto la jeshi nimelinunua, na leo leo limeniaibisha!

Si unajua vijia vyetu vya Cornwall, vyembamba gari moja tu lapita? Mtu akikupisha, lazima umshukuru. Lakini kule juu nilikokaa, nikipunga mkono hauonekani. Nikapiga kengele. Asante!

Wenye magari ya mbele wakasikia, wakadhani kuna moto. Wakajibana vichakani wanipishe. Sasa nipite kimya kama sina adabu? Nikapiga. Wakanipisha wengine. NIKAPIGA TENA!

Nafika nyumbani, zimamoto wenyewe hao nyuma yangu.

"Moto uko wapi, mzee?"

"Hakuna. Nilikuwa nashukuru watu."

Mkuu wao kanikazia macho weee.

"Na sisi tulikupisha pale kanisani. Mbona hukutupigia?"

Jago, nilipanda tena. Nikapiga.