Mkufu wa Mbegu za Maboga

Kikuyu, Dodoma
3 Juni 2023

Dada Hilda, shikamoo.

Sisi wazima. Kile kifua kilichomsumbua Optatus mwezi wa nne kimekwisha. Wewe na shemeji Fabian mnaendeleaje huko Mpwapwa? Nimeona niandike, maana kwenye simu tunakatiana maneno, na pia nina mzigo wa kumpa kondakta.

Mavuno yameingia, kwenye kituo changu cha watoto wa kutwa ni mabua na magunzi kila kona. Watoto thelathini na wawili, wasaidizi wawili, na mimi. Juzi tumepika kashata kwa karanga alizotuma mama kutoka Kongwa. Wao walimenya na kutwanga, sukari ya moto nikaishika mwenyewe. Sheria ni ileile tangu nilipoanza na watoto watatu barazani: aliyefanya kazi ndiye anayeonja kwanza. Bila hiyo nusu yao hawali.

Mkufu uliomo kwenye mzigo ni wa mbegu za maboga. Mimi nilitoboa na kupaka nusu yake rangi, Optatus akatunga. Nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, hakukosea hata moja, na ana miaka minne tu. Nikimwonyesha picha yako anasema "mama mkubwa", kama tulivyokubaliana. Amekutungia wewe. Ameniambia nikuandikie hivyo.

Mdogo wako,
Evodia


Mpwapwa
21 Juni 2023

Mdogo wangu Evodia, marahaba.

Huku tuko salama, ila vumbi na baridi ya asubuhi. Nipe hali ya mgongo wako, nawe unabeba watoto wa watu kutwa.

Nimeuvaa mkufu Jumapili kanisani. Kipindi cha matoleo nikatoka nje, nikalia nyuma ya choo kama mwehu. Nilipokuachia Optatus akiwa na miezi minane nilijua amekwisha kunipotea. Sasa huyu ananitungia mkufu! Fabian ameuliza umetoka wapi, nikasema ni kazi ya watoto wa kituo chako. Unajua hajui kama nilizaa kabla hajanioa. Nikimwambia leo, kesho nitakuwa kwa mama na masanduku yangu.

Endelea kunitumia, tafadhali. Mimba ya pili imetoka mwezi uliopita. Sikuwa nimekwambia.

Dada yako,
Hilda


Kikuyu
16 Septemba 2023

Dada, shikamoo, na pole sana. Najua nimechelewa kukujibu. Umepumzika? Unakula maini na mboga za majani?

Huku ni msimu wa zabibu. Tumekamua juisi kwa mikono, watoto wamerudi kwao wana madoa mpaka masikioni, na mama mmoja wa ofisi za serikali amenifokea kuhusu sare. Nikamwambia, mama, sare itafuliwa, hii furaha utaifulia wapi? Hajarudi kusema.

Nakutumia karatasi. Ni majani ya mzabibu, amechovya kwenye rangi akagandamiza. Hili kubwa amesema ni wewe, na hili dogo ni yeye. Anauliza utakuja lini.

Mdogo wako,
Evodia


Mpwapwa
9 Desemba 2023

Evodia, mdogo wangu, marahaba. Wazima? Mvua zimeshika huko?

Kaa chini ndiyo usome. Nimemwambia Fabian. Nilimwekea mkufu na ile karatasi mezani, nikasema, "Aliyefanya hivi ni mwanangu." Alivaa viatu akatoka. Jioni akasema, "Mtoto anayemkumbuka mama yake kiasi hiki hawezi kulelewa mbali. Mlete kwake." Evodia, ni zile kazi za mikono zilizomlainisha. Ni wewe.

Januari anatimiza miaka mitano, ataanza darasa la awali hapa hapa. Tutamfuata baada ya Krismasi. Mungu akulipe.

Dada yako,
Hilda


Kikuyu
13 Desemba 2023

Dada Hilda, shikamoo.

Sisi wazima. Nataka unisomee hesabu hii taratibu, kwa kuwa wewe ndiye uliyesoma chuo. Alipokuwa na homa ya degedege, nilikuwa peke yangu kwenye bodaboda naye kifuani. Alipoota meno, alipoacha nepi, alipoita mama kwa mara ya kwanza, ulikuwa wapi? Alipokuwa siri, alikuwa wangu. Leo mumeo amelainika, amekuwa wako.

Mchumba wangu Joel aliniambia nichague, yeye au mtoto wa dada yangu. Unajua nilichagua nini. Usiniambie Mungu anilipe.

Hata hivyo sina karatasi ya kukuzuia, na mama amenipigia simu akilia, akisema mtoto ni wa mama yake. Njooni. Nguo zake nitakuwa nimezifua. Msilale kwangu.

Evodia


Mpwapwa
25 Februari 2024

Evodia.

Hujambo? Sisi tupo, lakini kusema wazima nitakuwa naongopa.

Optatus hali. Nampikia wali, nampikia kuku, nanunua maandazi yenye iliki. Anaangalia sahani, anasema "sijafanya". Namuuliza hujafanya nini? Anaondoka. Akija jikoni namfukuza, maana jiko la mkaa halina utani. Suruali alizokuja nazo zinamvuka.

Jana nilivaa ule mkufu nikidhani atafurahi. Alipiga kelele, "Huo ni wa mama! Nilimvalisha mama! Umeuibia wapi?" Fabian alikuwa mlangoni. Mtoto akaukata shingoni mwangu, akaokota mbegu moja moja, akazifunga kwenye shati lake.

Nikamuuliza kuhusu majani ya mzabibu. Jani kubwa ni nani? Akasema, "Mama Evodia."

Ulinidanganya miezi yote hii. Nimemsimamisha mume wangu juu ya uongo wako. Ulitaka nini?

Hilda


Kikuyu
2 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Ni kweli. Mkufu alinivalisha mimi, nikauvua alipolala nikautia kwenye bahasha. Aliuliza mkufu uko wapi, nikasema umekatika. Nilitaka ujue una mtoto. Nilidhani ukipata kitu chake mkononi utatulia na kukaa huko huko. Badala yake nilikuwa nakuita mwenyewe, barua kwa barua. Hilo huna haja ya kunilipisha, nalilipa hapa.

Sasa nisikilize, mtoto asije akakonda zaidi. Hajakataa chakula chako. Kwangu hajawahi kula kitu asichokigusa kikipikwa, hiyo ndiyo "sijafanya". Usimpikie. Pika naye. Anza na uji wa ulezi: vijiko vinne vya unga, vikombe viwili vya maji. Maji baridi kwanza, kwenye bakuli, sakafuni, mbali na jiko. Mpe mwiko, akoroge mpaka mabonge yaishe. Usimharakishe na usimkorogee. Upeleke motoni wewe, ukiiva mwambie, "Fundi, onja." Yeye kwanza, kabla ya Fabian.

Mvua ikiacha tope, mwache afinyange ng'ombe. Huku wiki hii tumefinyanga. Nimekata matonge thelathini na mawili, kila mtoto lake, na moja likabaki kwenye sinia. Miriam, msaidizi wangu, ameliangalia, ameniangalia, akalirudisha ndooni.

Nimekuwa na njia hii mkononi tangu Januari. Ningeweza kukaa nayo, nisubiri umrudishe mwenyewe. Nimewaza hivyo, nisikufiche.

Mdogo wako,
Evodia


Mpwapwa
12 Aprili 2024

Mdogo wangu, marahaba. Unaendeleaje? Mgongo?

Siku ya kwanza alikoroga mpaka nikaona aibu ya kusimama, nikakaa naye sakafuni. Alionja. Akasema, "Sukari kidogo, dada." Ananiita dada! Nadhani ameiga kwako. Akamaliza bakuli, akaomba la pili. Sasa anakanda chapati na Fabian, wanagombania nani aonje.

Juzi amekuja na ng'ombe wa tope, pembe moja, mguu umepinda. Amenipa. Nikaogopa kuuliza, nikauliza. Akasema, "Wako, mama Hilda." Nimemkausha juu ya kabati.

Lakini usiku bado anakuulizia. Mwezi wa sita shule zikifungwa tumlete wiki mbili? Hasira zangu zimekwisha.

Dada yako,
Hilda


Kikuyu
20 Aprili 2024

Dada Hilda, shikamoo.

Nimefurahi anakula. Nimesoma barua hiyo kwa wasaidizi wote wawili, na Miriam amepiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani anaolewa.

Mwezi wa sita msije. Wiki mbili ni siku za kumfundisha tena kulia. Ile safari ya kwanza alishika nguzo ya geti, uliona. Mimi ndiye niliyembandua vidole, wewe ulikuwa ndani ya gari. Sitambandua mara ya pili. Aje akishakuwa mkubwa wa kubeba begi lake na kujua tarehe ya kurudi kwake. Akiuliza, mwambie mama mdogo ana kazi nyingi. Si uongo.

Nafasi yake kituoni imejazwa, watoto ni thelathini na wawili tena. Ni binti wa miaka mitatu, Karishma, wazazi wake wana duka la vitambaa mjini. Jana tulikuwa tunachambua mboga, akanivuta gauni akaniita mama. Nikapiga magoti nikamwambia, mimi niite mwalimu.

Mdogo wako,
Evodia