Nilimpandisha Doto Badala ya Kulwa

Alhamisi, 5 Juni

Umeme umerudi saa nne. Nimemaliza kuhariri video ya harusi ya watu, nikaanza video ya kumbukumbu ya Kulwa, binti wa Usagara, mwaka mmoja tangu afariki. Mama yake kanitumia picha kwa simu. Nyingi hazifai, zina giza. Moja tu nzuri, ya kipaimara: Kulwa na pacha wake Doto, magauni meupe, nywele sawa, hata kucheka sawa. Nimeikata nusu. Nimemchukua wa kushoto. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, basi atakuwa amesimama wa kwanza.

Mwishoni nimeweka ule mtindo wangu wa mbinguni. Wateja wanaupenda mno. Unaweka keyframe mbili, vialama vidogo tu. Cha kwanza kinaiambia komputa picha ianzie hapa, ikiwa kubwa. Cha pili, iishie kule juu, ndogo, kwenye mawingu. Safari ya katikati komputa inaijaza yenyewe. Halafu alama nyingine mbili za kuififisha mpaka ipotee. Kazi ya dakika tano. Najisifu, lakini Mirongo hapa hakuna anayenifikia.

Jumamosi, 7 Juni

Nina aibu. Sijui niandikeje.

Ibada Usagara. Turubai limejaa, picha inaonekana vizuri kwenye shuka jeupe, kwaya imenyamaza. Picha ya mwisho ikaanza kupanda. Watu wanalia. Msichana wa mstari wa mbele akasimama, akainua mkono kama yuko darasani.

"Huyo ni mimi."

Hakupiga kelele. Alibaki amesimama, akajitazama anapungua, anapanda, anaingia mawinguni, anaisha. Komputa ilikuwa mbele yangu na sikuisimamisha. Mama yake akavua kanga, akamfunika gubigubi, akamtoa nje.

Chakula sikugusa. Nimerudi mjini bila kuaga.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sijaenda. Mama Kulwa kapiga simu. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia vizuri kabisa, na hilo limeniuma kuliko kama angenitukana. Doto hajala tangu jana. Amelala kwenye kitanda cha marehemu, uso ukutani. Anasema amejiona akienda, sasa anasubiri tu. Shangazi zake wanasema pacha akifa humwita mwenzake, na kwamba mimi ndiye niliyemfungulia njia.

Mama Kulwa hakubishana nao. Aliniambia hivi: "Mwanangu, wewe ndiye umempeleka. Mrudishe."

Nilitaka kumwambia ni picha tu, mama. Nikasema sawa mama.

Ni picha tu. Nimeiandika hapa ili niione kwa macho. Haijanisaidia.

Jumatatu, 9 Juni

Kurudisha ni rahisi. Nimezichagua zile alama, nikabonyeza amri ya kuzigeuza. Ya mwisho ikawa ya kwanza. Doto anaanza mawinguni, mdogo kama punje ya mtama, anashuka, anakua. Nilipoona anashuka nilifurahi kama mjinga. Mteja wa picha za pasipoti alikuwa mlangoni ananiharakisha, dada fanya upesi, nikaituma palepale bila kuitazama mpaka mwisho.

Saa kumi, simu. Mama Kulwa analia.

"Amekuja, mwanangu. Amefika mbele yetu kabisa, halafu akapotea."

Nikafungua. Mungu wangu. Nilikuwa nimegeuza alama za mwendo, zile za kufifia nikaziacha zilivyo. Doto anatoka mawinguni mzima, anakuja, anakaribia mpaka unaziona hereni zake, na kila anavyokaribia anafutika. Akifika, hayupo.

Nimejiita kila jina baya ninalolijua, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Jumanne, 10 Juni

Nimeirekebisha. Nimeitazama mpaka macho yanauma. Anashuka, anafika, anabaki. Sithubutu kuituma.

Doto sasa hanywi hata uji. Maji kidogo, kwa kulazimishwa.

Na mimi siko sawa. Nikifumba macho naona nyuso zinapungua. Wazee, watoto, wote niliowapandisha kwa huo mtindo wangu wa kujisifia. Yuko mmama mmoja ananikazia macho anavyokwenda, na jina lake silikumbuki. Nimegeuza kioo cha komputa kikatazama ukuta. Nikakirudisha. Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Naogopa. Doto akifa hakuna atakayenikamata. Lakini mimi nitajua.

Nimempigia Mama Kulwa, nimemwomba amlete Doto hapa ofisini, aione mimi nikiwepo.

Jumatano, 11 Juni

Wamekuja. Mama amemshika mkono kama mtoto anayejifunza kutembea. Midomo ya Doto imepasuka. Nimempa kiti changu.

Nikaicheza. Akashuka, akakua, akawa wazi, akakijaza kioo chote. Nikaiacha hapo. Alijitazama kwa muda mrefu. Nilisubiri atabasamu, hata kidogo. Hakutabasamu.

"Na Kulwa mmemweka wapi?"

Alikuwa na haki. Siku ile watu wote walimlilia aliye hai. Kulwa mwenyewe hatukumuaga.

Nikamfungulia nusu ya pili ya picha. Nikampa kipanya, nikamwonyesha: alama hii aanzie, hii aishie. Akaweka ya kwanza. Akaweka ya pili, akaifuta. Akaweka tena, akafuta. Nilikuwa nimemweleza kwamba ikibaki alama moja picha haiendi popote, naye alikuwa ameelewa vizuri sana.

Mama yake akasema kwa sauti ndogo, "Doto. Mwache dada yako aende."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama."

Doto akaiweka. Kisha akaniuliza akiisogeza mbele zaidi inakuwaje. Nikamwambia alama zikiachana mbali, picha inakwenda polepole. Akaivuta mpaka mwisho wa wimbo wa video.

Tukakaa watatu, tunatazama. Mwanzoni huoni hata kama kuna kinachosogea. Nililia, sikujificha. Mawingu yalipobaki matupu, Doto alimwita dada yake kwa jina, mara moja, kwa sauti ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Hakuitika mtu.

Wakaondoka kutafuta gari la Usagara.

Alhamisi, 12 Juni

Upepo wa ziwani tangu alfajiri. Baridi. Nimefungua ofisi, nimefagia, kazi sijagusa.

Saa mbili Doto kapiga mwenyewe. Jana amekula ugali kidogo, leo uji na kiazi. Nikamwambia Mungu ni mwema.

"Dada," akaniambia, "leo nimeamka peke yangu."

Nikamwambia pole. Akasema asante.